Yothamu Juu ya Mlima

Tulipoombwa kuandika neno la toleo hili tulikusudia kuandika juu ya shukrani ya mavuno, kama ilivyo desturi yetu kila mwaka. Lakini lilitokea jambo lililouvuruga mpango wetu, na kwa kuwa jambo hilo limetukaa moyoni tangu siku ile, twaona heri tuliandike hilo, hata kama wako watakaosema kwamba habari za mwenyekiti na mtendaji si habari za kanisani.

Siku moja baada ya Misa tulipita nyumbani kwa jirani yetu, mzee mwenzetu, ili tufuatane naye kwenda kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Hatutataja jina lake wala kijiji, maana katika pande zetu hizi za Mapera kila mtu amjua mwenziwe, na aliyoyasema hakuyasema ili yachapwe. Tulimkuta kwenye vichanja akigeuza kahawa yake. Tulimweleza tulilojia. Hakuacha kazi yake, bali alitujibu akiwa ameinama vile vile: "Nenda wewe, Mwalimu. Mimi nitayasikia matokeo kabla hujarudi, maana yaliamuliwa tangu jana."

Tulicheka kidogo, kama watu wafanyavyo wasipokuwa na jibu. Tulipoona hachekani nasi tulikaa juu ya gogo, tukamwomba aseme yote. Naye alisema.

Alianza na uchaguzi. Alisema kwamba mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, vikilalamika kwamba wagombea wao wameenguliwa, na wenyeviti wakapita bila kupingwa karibu nchi nzima. Tena uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 ulipokwisha, karibu vijiji vyote vilikuwa vya chama kimoja kama awali. "Mimi sina ugomvi na chama," alisema, "kadi yangu ninayo tangu ujana. Lakini mtu asiyeogopa kushindwa ataniogopeaje mimi?"

Kisha alikuja kwenye mtendaji. Mwenyekiti, alisema, walau ni mtoto wa hapa, na akikosa tutamwambia babaye. Lakini mtendaji ameajiriwa na halmashauri, aletwa na barua, na ataondoka na barua. Jicho lake laelekea huko barua itokako. Na diwani? Diwani tunamwona wakati wa kofia na kanga.

Halafu fedha. Hapo ndipo aliponyosha mgongo akatutazama. Ushuru wa kahawa hukatwa kabla shilingi haijamfikia mkulima, asilimia 3 ya bei tangu ulipopunguzwa kutoka asilimia 5 mwaka 2017, na huingia halmashauri. Hakuna mwaka alioshindwa kuulipa, kwa kuwa hakuna aulizwaye. Shule za serikali zilitangazwa kuwa hazina ada tangu Januari 2016, naye akafurahi kwa ajili ya wajukuu. Hata hivyo michango ya madarasa haijaisha: leo matofali, kesho mchanga, keshokutwa fedha za fundi. "Sikatai kuchanga," alisema. "Baba yangu alichanga, nami nachanga. Nakataa kuchanga gizani. Hawa wote ni wale wale, Mwalimu. Aliyekula jana ameondoka, mwenye njaa amekuja."

Tulimwacha, tukaenda mkutanoni peke yetu.

Ndugu zangu, mkutano ule haukufanyika. Tulikaa chini ya mti tangu saa nane hata jua likaelekea milimani, na watu waliokuja walitosha kucheza bao, hawakutosha kufanya mkutano. Mwenyekiti alimtuma kijana apite njiani kuwaita, lakini akarudi na watoto tu. Mtendaji, binti mmoja mgeni wa huku, alikuwa ameleta karatasi mbili kubwa alizoziandika kwa kalamu ya wino mzito, mapato upande huu na matumizi upande huu, ili azibandike ukutani watu wasome. Ilipotangazwa kwamba mkutano umeahirishwa, alizikunja zile karatasi mara nne, akazitia katika mkoba wake, akaondoka.

Tulimtazama akienda. Hatukujua kama hesabu ile ilikuwa safi au chafu. Hakuna aliyejua. Kama ilikuwa chafu, ilipita bila kuulizwa. Kama ilikuwa safi, yule binti alirudi nyumbani akiwa mwizi vile vile midomoni mwa watu, kwa kuwa hakupata mtu wa kumshuhudia.

Tukakumbuka habari za Yothamu.

Habari zenyewe zimo katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, nasi wakongwe twaijua tangu darasa la ubatizo. Gideoni alipokufa aliacha wana wengi. Mmoja wao, Abimeleki, alitaka kutawala, akawaendea ndugu za mama yake huko Shekemu awavute kwa neno la ukoo, kwamba yeye ni damu yao. Wakampa fedha vipande sabini. Fedha hizo walizitoa wapi? Walizitoa katika nyumba ya mungu wao, Baal-berithi. Twaomba msomaji asipite haraka hapo. Zilikuwa sadaka. Watu walizileta kwa nia ya ibada, na hatusomi kwamba yuko aliyesimama kuuliza zimetoka kwa idhini ya nani na zaenda kufanya kazi gani. Zilienda kuwaajiri watu ovyo, na watu hao wakaenda na Abimeleki nyumbani kwa babaye wakawaua nduguze juu ya jiwe moja. Akabaki Yothamu aliye mdogo wa wote, kwa kuwa alijificha.

Siku ya kumtawaza Abimeleki, Yothamu alipanda juu ya Mlima Gerizimu akapaza sauti. Akawasimulia watu wa Shekemu mfano wa miti iliyotafuta mfalme. Mzeituni ulikataa kwa sababu ya mafuta yake, mtini kwa sababu ya utamu wake, mzabibu kwa sababu ya divai yake. Ukakubali mti wa miiba, ambao hauna tunda wala kivuli, nao ukaialika miti mingine yote ije ikae kivulini pake.

Mara nyingi tumeisikia sura hii ikihubiriwa juu ya ile miti mizuri, kwamba watu wema wasikatae uongozi. Ni mahubiri mema, nasi hatuyapingi. Katika kufundisha kwetu tumewaona wengi waliofaa kuwa wenyekiti wa kamati ambao kila mwaka walikuwa na mzabibu wao wa kuutunza. Lakini siku ile, tukiwa tumebaki wawili watatu chini ya mti, tulimtazama Yothamu mwenyewe. Yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Hakuna hata neno lake moja lililoanguka chini. Na alipokwisha kuyasema alikimbia, akaenda Beeri, akakaa huko.

Hatumlaumu. Ndugu zake walikuwa wamechinjwa, na mahali pengine na siku nyingine mtu aokoapo roho yake hana kosa. Lakini Biblia yatuambia kwamba Abimeleki alitawala miaka mitatu. Kwa miaka mitatu watu wa Shekemu walikaa na ule mti wa miiba, na yule aliyewaeleza sawasawa kwamba ni miiba hakuwako. Na mwisho wake waliangamia wote wawili, mji na mtawala.

Jirani yetu ni Yothamu, nasi tumekaa naye juu ya mlima huo mara nyingi. Kahawani, kwenye pombe ya arusi, kwenye kilio, njiani tukitoka kanisani, wote twanena kweli juu ya viongozi. Twajua bei ya saruji kuliko mwenye duka. Twajua nani amejenga nyumba kwa bati la nani. Isipokuwa mahali pamoja tu, pale palipowekwa kwa kazi hiyo, ndipo tunapokosa sauti.

Jioni tulirudi kwake. Alikuwa amefunika kahawa, mkewe akatuletea ugali na maharage na usipa kidogo, akijua kwamba sisi tuliopanda kutoka ziwani hatuhesabu kuwa tumekula pasipo samaki. Tulimsimulia mkutano ulivyokwisha. Alisema, "Si nilikwambia?" Tukamjibu kwamba alitabiri kweli, lakini kwamba yeye mwenyewe ni mmoja wa waliotimiza utabiri huo. Hakupendezwa.

Hapo alitutolea neno ambalo hatukuwa na haraka ya kulijibu. Alisema, "Mwalimu, wewe umesoma. Niambie, ni lini mkutano wa watu wadogo ulishinda?"

Swali hili ni la haki, na mhubiri asiyelijibu anawadanganya watu. Sisi wa mkoa huu wa Ruvuma tunayo sababu ya kuuliza. Huko Litowa, Wilaya ya Songea, mwaka 1960 vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianza kulima na kuishi pamoja, kabla Azimio la Arusha la 1967 halijaandikwa. Baadaye vijiji kumi na kadhaa viliungana katika Chama cha Maendeleo ya Ruvuma. Walikuwa na shule yao, kinu cha kusaga na mashine ya kupasua mbao, na mambo yao waliyaamua katika mikutano ya wanakijiji wenyewe, si kwa amri ya mtu wa wilayani. Mwalimu Nyerere aliwasifu na kuwatembelea. Lakini wako wakubwa ambao hawakupenda kuona wakulima wakiamua bila wao, na Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama kile, mali yake ikachukuliwa. Haikuwa kwa kura ya watu wa Litowa.

Hayo hayakuwa ya mwisho. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya ziliondolewa kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, na jina lile lilikuwa zuri kuliko mambo yenyewe. Kisha watu wakahamishiwa vijijini, wengine kwa hiari na wengine la. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikafutwa. Serikali yenyewe iliona baadaye kwamba imekosea, ikatunga sheria mwaka 1982 kuvirudisha vyama vya ushirika na serikali za mitaa, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Lakini mtu aliyenyang'anywa jembe mara mbili, ukimrudishia mara ya tatu hulishika kwa vidole viwili.

Kwa hiyo tulimwambia jirani yetu kwamba shaka yake si dhambi. Waliomlea katika shaka hiyo si wahuni wa mitaani. Ni mambo yaliyotendeka hasa. Hata ile miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha, iliyomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au kupangisha nyumba, ilikuja kulegezwa kule Zanzibar mwaka 1991, na tangu siku hiyo mkulima hana kipimo chepesi cha kumpimia mkubwa wake. Sisi tuliimba ahadi za chama tukiwa watoto wa shule, pamoja na ile ya kutopokea wala kutoa rushwa. Tuliziimba vizuri sana. Waimbaji wenzetu wengine walikuja kuwa wakubwa.

Lakini tulimwonyesha jambo lingine. Mkutano wa Litowa haukuvunjwa kwa sababu ulikuwa dhaifu. Mtu havunji kisichomzuia. Ulivunjwa kwa sababu watu walikuja, wakauliza, wakaandika, wakakumbuka. Mkutano wetu wa chini ya mti hauhitaji Kamati Kuu kuuvunja. Tunauvunja wenyewe kwa kubaki nyumbani.

Na sheria haiko upande wa wenye kuficha. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya, yasema kwamba Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe, mwanamke na mwanamume, mwenye kadi na asiye na kadi. Ndio uchaguao Halmashauri ya Kijiji, nao unao uwezo wa kuwaondoa wajumbe wake. Hukutana kila miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Mtendaji kweli ameajiriwa na halmashauri, lakini hesabu ya kijiji ataisoma mbele ya nani kama si mbele yenu? Wengi wetu tunajua kanuni za mpira kuliko sheria hii.

Wamatengo hawakungoja sheria ya 1982 kulijua jambo hili. Wazee wasimulia habari za sengu, jinsi watu wa ukoo walivyokusanyika kula pamoja, na katika kula huko mambo yakasemwa: nani ameharibu mpaka, nani hajalima, nani ana njaa na haombi. Vijana walifundishwa hapo, na mkubwa aliulizwa hapo. Jambo moja kuhusu sengu tunalipenda hasa: aliyekuwa na neno alilisema akiwa ameketi penye chakula, na yule anayesemwa alikuwa anakula naye. Watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970 desturi hiyo ilififia, ingawa huko Kindimba, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilipofanya kazi nao miaka ishirini na zaidi iliyopita, wanakijiji waliirudisha kwa kuipa kamati yao jina hilo hilo. Sisi tulio wageni wa mlima huu tuliikuta imechakaa. Lakini hata kwa masimulizi tu twaona kwamba ilikuwa shule nzuri kuliko nyingine tulizofundisha.

Hapo jirani yetu alituuliza swali la pili, nalo lilituchoma. "Na wewe, Mwalimu, ulipokuwa na cheo, uliulizwa na nani?"

Hatukupenda kulieleza, lakini ilikuwa jioni, na tulikuwa tumekula chakula chake. Zamani, tulipokuwa tukisimamia shule moja ambayo hatutaitaja, ililetwa saruji ya kujengea darasa. Ilikuja magharibi, mvua ikinyesha, na dereva alikuwa na haraka. Tulitia sahihi katika hati ya kupokelea bila kuhesabu mifuko. Asubuhi tulipohesabu, mifuko iliyokuwamo stoo ilikuwa pungufu ya ile iliyoandikwa juu ya sahihi yetu. Tulifanyaje? Hatukuiba hata mfuko mmoja, Mungu ni shahidi. Lakini tuliogopa aibu, na tuliogopa kumtaja mtu aliyekuwa mkubwa kuliko sisi. Tukamwambia fundi aongeze mchanga. Darasa lilijengwa. Baada ya miaka michache sakafu yake ilikuwa mashimo, na watoto walikaa juu ya vumbi la mifuko ile ambayo haikufika.

Kamati ya wazazi ilikutana mara nyingi katika miaka hiyo. Kila mara tulikwenda tukiwa na hofu kwamba yuko atakayeuliza, na kila mara tulirudi nyumbani salama. Tunawaambieni kweli, kulikuwa na siku ambazo tulitamani yuko atakayeuliza. Mzazi mmoja angesimama tu na kusema, "Mwalimu, mifuko ilikuwa mingapi?" tungeanguka, nasi tungepona. Hakuna aliyesimama. Walikuwa wakituheshimu mno. Nyumbani mwao, bila shaka, walisema tumeila saruji.

Tazameni basi Samweli. Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 12, chatuonyesha mzee mwenye mvi mbele ya watu wote, siku anapomkabidhi mfalme uongozi. Hakungoja kuulizwa. Alitaka mtu yeyote aseme mbele za Bwana kama amemnyang'anya ng'ombe au punda, kama amemdhulumu au kumwonea, kama amepokea rushwa kwa mkono wake, naye atarudisha. Watu wakajibu kwamba hakufanya hivyo. Ndipo akamwita Bwana kuwa shahidi, na watu wakakubali kwamba yeye ni shahidi.

Msidhani kwamba Samweli alikuwa na nyumba safi isiyo na la kusemwa. Sura ya 8 yasema wazi kwamba wanawe, Yoeli na Abiya, aliowaweka kuwa waamuzi huko Beer-sheba, walifuata fedha, wakapokea rushwa, wakapotosha hukumu. Ndiyo sababu mojawapo ya watu kutaka mfalme. Na katika siku ile ya hesabu mzee aliwataja wanawe kwamba wako hapo kati ya watu. Hakuwaficha. Kuna padre mmoja wa zamani aliyetufundisha kwamba hapo sauti ya Samweli ilitetemeka. Biblia haisemi hivyo, bali twaamini.

Sasa fikirini kama Israeli siku ile wangebaki kwenye vichanja vyao. Samweli angesimama peke yake, akauliza mti na mawe. Angerudi Rama bila ushuhuda, na mpaka leo tungesema: wanawe walikula rushwa, bila shaka na baba naye alikula. Mtu mwaminifu hawezi kujisafisha mwenyewe. Anahitaji kinywa cha yule ambaye angeweza kumshitaki. Jirani yetu anaposema "wote ni wale wale", mwizi hapati hasara yoyote kwa neno hilo, maana limempa wenzake wengi wa kujificha kati yao. Anayepata hasara ni yule mmoja asiyeiba.

Alinyamaza kitambo. Kisha alisema, na alisema taratibu: "Haya. Na kanisani kwenu?"

Tulitaka kumjibu upesi kwamba kanisani hesabu husomwa. Ndivyo ilivyo, husomwa. Lakini tulikumbuka ni mara ngapi zimesomwa huku sisi tumesimama nje ya mlango tukizungumza bei ya kahawa, tukingoja zimalizike ili tuingie kupokea baraka. Mtume Paulo alipopeleka mchango wa makanisa kwa maskini wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Katika waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya 8, aeleza kwamba alifuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asije akawalaumu juu ya fedha hizo, kwa kuwa alitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Mtume mwenyewe! Nasi ni nani hata tuone kwamba kuulizwa ni kutukanwa?

Tulimjibu jirani yetu kwamba hapo ametushinda. Tangu Jumapili ile tumekaa ndani hesabu ziliposomwa, na tumeuliza jambo moja dogo juu ya fedha za mishumaa, tukajibiwa vizuri. Baadhi ya wazee walitutazama kama watu waliokohoa wakati wa Injili.

Mkutano wa kijiji umeitishwa upya. Jirani yetu hakutuahidi kwamba atakuja. Alisema kwamba anaogopa, na kwamba hofu yake haimhusu yeye, maana yeye ni mzee, bali mwanawe anayengoja kibali cha kiwanja. Hatukumdharau kwa hilo. Aulizaye peke yake huonekana mgomvi, na wako walioadhibiwa kimya kimya kwa swali moja. Tulikubaliana hivi: swali litakuwa moja, limeandikwa, halina tusi wala jina la mtu, nalo litasomwa na sisi, kwa kuwa mstaafu hana tena cha kuhamishwa. Tutauliza kiasi gani kilichangwa kwa ajili ya darasa, kiasi gani kimetumika, na stakabadhi ziko wapi. Kama majibu ni mazuri, tutasema mbele ya watu wote kwamba ni mazuri, na kumshukuru yule binti kwa sauti ile ile tuliyoulizia.

Tumemwomba aketi karibu nasi tu, asiseme neno. Alisema ataangalia hali ya kahawa. Mkewe, aliyekuwa akiondoa vyombo, alisema kwamba kahawa aweza kuigeuza yeye. Kisha akafikiri, akasema la, naye atakuja, maana mchanga wa darasa lile ni yeye aliyeubeba kichwani.